Klachi na Mhimili wa Kutoa Nguvu katika Matrekta ya Zamani

Watu wengi hulithamini trekta kwa uwezo wake wa kuvuta plau, haro au tela la magunia. Hata hivyo, katika mashamba ya mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, kazi nyingi za trekta si za kuvuta. Fyekeo linalokata majani chini ya minazi na mikorosho, rotaveta inayovuruga tope la mpunga katika bonde la Ruvu, na pampu inayopandisha maji kutoka mtoni, zote huzungushwa na kipande kifupi cha chuma kinachochomoza nyuma ya trekta, chini ya kiti cha dereva. Hicho ndicho mhimili wa kutoa nguvu, ambao mafundi huuita kwa kifupi PTO.

Mhimili huu ulianza kuwekwa katika matrekta ya biashara huko Marekani mwaka 1918, na kampuni ya International Harvester. Kipimo cha pamoja kiliwekwa mwaka 1927, ili zana ya kiwanda kimoja iweze kufungwa katika trekta la kiwanda kingine. Kipimo kilichoenea hadi leo katika matrekta madogo na ya kati ni mizunguko 540 kwa dakika, katika shafti yenye meno 6 na kipenyo cha inchi 1 3/8, yaani milimita 35.

Kutokana na ulinganifu huo, mnunuzi aghalabu hudhani kwamba mihimili yote ni sawa. Meno ni sawa kweli. Kilicho tofauti ni njia ambayo nguvu hupitia kabla ya kuyafikia, na njia hiyo hutawaliwa na klachi.

Katika trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956, klachi ni moja tu. Nguvu ya injini hupita katika klachi, ikaingia katika sanduku la gia, na humo ndimo mhimili unamochukua sehemu yake. Dereva anapokanyaga pedali, magurudumu na mhimili hukatiwa nguvu kwa pamoja. Hata pampu ya haidroliki husimama, kwa kuwa nayo huendeshwa na mhimili huohuo. Kwa plau hakuna dhara. Kwa rotaveta iliyo ndani ya tope ni taabu tupu: kila dereva anapotaka kubadili gia, visu husimama, na kuvianzisha tena vikiwa vimezama huweza kuizima injini.

Kwa fyekeo ni hatari. Visu vyake ni vizito, na vikishika kasi havisimami upesi. Tuseme dereva anaukaribia mnazi, akakanyaga klachi ili asimame. Injini imeachana na sanduku la gia, lakini fyekeo halijaachana nalo. Visu vinaendelea kuzunguka, vinauzungusha mhimili, mhimili unazungusha gia, na gia zinazungusha magurudumu. Kwa muda huo mfupi fyekeo limekuwa ndilo injini, nalo hulisukuma trekta mbele huku pedali imekanyagwa hadi chini. Dereva asiyelijua jambo hili hulaumu breki.

Dawa yake ni kiungo cha kuteleza upande mmoja, kinachofungwa kati ya mhimili na shafti ya zana. Hufanya kazi kama friwili ya baiskeli: mhimili huizungusha zana, lakini zana haiwezi kuuzungusha mhimili. Kifaa hiki ni kidogo na hakihitaji trekta kufunguliwa, na haielekei kuwa busara kufyeka kwa trekta la klachi moja bila ya kuwa nacho. Izingatiwe tu kwamba huongeza urefu; shafti ya zana isipopimwa upya yaweza kubana wakati zana inapoinuliwa, ikaharibu beringi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kiwanda cha Cockshutt cha Kanada kilitoa trekta ambalo mhimili wake haukutegemea klachi ya mwendo. Massey Ferguson walipata matokeo yaliyo karibu na hayo kwa klachi ya hatua mbili, iliyowekwa katika baadhi ya matrekta ya MF 35 na MF 135. Ndani yake mna sahani mbili badala ya moja. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu husimama na mhimili huendelea. Ikikanyagwa hadi mwisho, mhimili nao hukatika. Hapo dereva wa rotaveta anaweza kusimama na kubadili gia, visu vikijisafishia tope. Hata hivyo uhuru huo haujakamilika, kwani hawezi kuukata mhimili kwa pedali bila ya kulisimamisha trekta. Uhuru kamili hupatikana katika matrekta ambayo mhimili una klachi yake yenyewe na wenzo wake wa mkono, kama ilivyo katika baadhi ya Ford 5000.

Jina lililoandikwa ubavuni halitoshi kuonyesha aina ya klachi, maana MF 135 iliuzwa kwa klachi moja na kwa klachi ya hatua mbili. Njia ya hakika ni kulijaribu trekta mahali tambarare, bila zana, likitembea kwa gia ndogo huku mhimili ukizunguka. Pedali ishushwe polepole. Ikiwa trekta litasimama na mhimili ukaendelea, klachi ni ya hatua mbili; vyote viwili vikikoma pamoja, ni moja. Wenzo wa mhimili uwe katika nafasi ya injini. Matrekta hayo yana pia nafasi ya mwendo wa magurudumu, na katika nafasi hiyo mhimili hauzunguki trekta likiwa limesimama. Klachi nzima zimewahi kushukiwa bure kwa sababu ya wenzo huo.

Mtazamaji wa jaribio hili asimame mbali, ubavuni. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Kiungo cha shafti chenye upana wa sentimita 10 huvuta kitambaa kwa kasi ya karibu mita 3 kila sekunde. Upindo wa kanga au wa kanzu ukinaswa, zaidi ya mita moja ya nguo itakuwa imekwisha kuviringwa kabla ya nusu sekunde kupita, na hakuna mguu unaoweza kuifikia pedali kwa muda huo. Kifuniko cha shafti hakina mbadala, na wala klachi ya hatua mbili haimruhusu dereva kushuka kunyofoa majani injini ikiwa inanguruma.

Klachi za mwambao zina adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Trekta likikaa bandani masika nzima bila kuendeshwa, sahani huweza kushikana na flaiwili kwa kutu, na siku ya kwanza ya kazi pedali hushuka bila kukata chochote. Mafundi huzuia hali hii kwa kuishikilia pedali chini kwa kipande cha mti wakati wote trekta linapohifadhiwa, na kwa kuiwasha injini na kulitembeza trekta mara kwa mara.