Kemshafti Kubwa: Kabla ya Kufungua Injini, Pima Unavyoendesha

Mwenye gari la michezo lenye injini isiyo na turbo hufika mahali akajiuliza nguvu zaidi zitatoka wapi. Ameshabadilisha chujio la hewa, ameshafunga ekzosi ya kipenyo kikubwa, na bado injini inaishiwa pumzi mapema. Hapo ndipo kemshafti huanza kutajwa. Wauzaji wa vipuri hupenda kuitangaza kwa namba moja: nguvu za farasi zitakazoongezeka kwenye kilele. Namba hiyo yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikampotosha mnunuzi, kwa sababu kila umbo la kemshafti huchagua kiwango cha mizunguko ambacho injini itapumua vizuri, na viwango vingine hulipia uchaguzi huo. Kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha uanzie kwenye mizunguko ambayo injini hupitishia muda wake mwingi. Ukianzia hapo, wengi wanaotumia magari yao barabarani wataona kwamba kemshafti ya kiwandani, au nyingine inayoizidi kidogo tu, ndiyo inayowafaa.

Kemshafti ni mhimili wenye nundu. Krankshafti ikizunguka mara mbili, yenyewe huzunguka mara moja. Kila nundu ikipita husukuma valvu ifunguke, kisha springi huirudisha. Mambo mawili ya nundu ndiyo huamua tabia ya injini: kimo chake, kinachoamua valvu inyanyuke kiasi gani, na upana wake, unaoamua ikae wazi kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, na hapa ndipo tatizo linapozaliwa, kwa kuwa nyuzi hazibadiliki lakini saa inabadilika. Chukua valvu ya kuingizia hewa inayokaa wazi kwa nyuzi 240. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, nyuzi hizo ni milisekunde 50. Kwenye mizunguko 6,000 hazifiki hata milisekunde 7. Nundu ni ileile, valvu ni ileile, ila hewa imenyimwa zaidi ya sita ya saba ya muda iliokuwa nao. Hakuna umbo moja la chuma linaloweza kuzitosheleza hali zote mbili sawasawa.

Fizikia ya hewa ndiyo inayoamua nani apate na nani akose. Hewa ina uzito, na kitu chenye uzito kikishashika mwendo hakisimami papo hapo. Kwenye mizunguko ya juu, hewa inayokimbia ndani ya manifoldi huendelea kujisukuma kwenye silinda hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda. Kemshafti ya mbio hutumia mwendo huo: huchelewesha kufunga valvu ya kuingizia ili silinda ijae zaidi. Kwenye mizunguko ya chini hewa haina mwendo wa namna hiyo. Pistoni ikipanda huku valvu iko wazi, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia husukumwa irudi ilikotoka, na kinachobaki kubanwa ni kidogo. Kisha kuna kile kipindi kifupi ambacho valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshafunguka. Injini ikienda kasi, moshi unaotoka huivuta hewa mpya nyuma yake, na hiyo ni faida. Injini ikiwa taratibu, ombwe la kwenye manifoldi huurudisha moshi ndani, mchanganyiko ukachafuka na baadhi ya milipuko ikawa dhaifu. Ule mtikisiko wa gari lenye kemshafti kubwa likiwa limesimama kwenye taa chanzo chake ni hicho. Ombwe lenyewe nalo hupungua, na kwa kuwa busta ya breki hulitegemea, pedali ya breki huweza kuwa ngumu kwenye foleni.

Ushahidi mzuri wa namna wahandisi wanavyoipima biashara hii uko kwenye Chevrolet Corvette ya kizazi cha tano, gari ambalo wamiliki wake nchini Marekani hulibadilisha kemshafti mara nyingi. Mwaka 2001 Corvette ya kawaida ilikuwa na injini ya LS1 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 350. Mwaka huohuo ilitoka Z06 yenye injini ya LS6, ya ujazo uleule, ikiwa na nguvu za farasi 385. Mwaka 2002 zikafika 405. Kemshafti ilibadilishwa katika hatua zote mbili, na kufikia 2002 valvu za kuingizia zilikuwa zikinyanyuka karibu milimita 14, wakati za LS1 zilinyanyuka karibu milimita 12. Lakini kiwanda hakikuishia hapo. LS6 ilipewa silinda hedi zinazopitisha hewa vizuri zaidi, mgandamizo uliopanda, manifoldi nyingine na springi ngumu zaidi. Mwaka 2002 valvu zilifanywa nyepesi na njia ya moshi ikafunguliwa zaidi. Hata baada ya kazi yote hiyo, mizunguko ambayo nguvu ya kusokota hufika kilele ilihama kutoka 4,400 hadi 4,800. Kampuni yenye maabara, fedha na wahandisi wa kutosha iliongeza nguvu kwa kubadilisha mfumo mzima, na bado injini ikalazimika kuzunguka zaidi ili kuzitoa.

Giaboksi ya gari hilohilo hutuonyesha nani anufaike na mabadiliko hayo. Corvette ya kawaida yenye gia sita za mkono ilikuwa na uwiano wa 2.66 kwenye gia ya kwanza, 1.78 kwenye ya pili, 1.30 kwenye ya tatu na 0.50 kwenye ya sita. Dereva wa mbio akibadilisha gia kwenye mizunguko 6,000, akitoka ya kwanza kwenda ya pili injini hushuka hadi takriban 4,000, na akitoka ya pili kwenda ya tatu hushuka hadi kama 4,400. Kwa mtu huyo mizunguko 2,000 haipo kabisa. Injini yake huishi kati ya 4,000 na 6,000, na kemshafti inayotoa sadaka sehemu ya chini ili kupata ya juu inampa faida tupu. Sasa liweke gari hilohilo kwenye barabara kuu, kilomita 110 kwa saa, gia ya sita. Ukihesabu kwa mzunguko wa tairi na uwiano wa difu, injini inazunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Mjini, kati ya taa moja na nyingine, ni nadra kuvuka 3,000. Hapo ndipo kemshafti kubwa huifanya injini ishtukeshtuke kila mguu unapogusa mafuta kidogo, na dereva hulazimika kushuka gia ili tu gari litulie. Gari moja, kipuri kimoja, na majibu mawili yanayopingana.

Wapo watakaosema kwamba kiwanda huacha nguvu nyingi makusudi, na kwamba LS1 ikipewa kemshafti ya wastani hupata mengi juu na kupoteza kidogo sana chini. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo sababu injini za familia hiyo zimejengewa soko kubwa la kemshafti. Silinda hedi zake hupitisha hewa nyingi kuliko nundu za kiwandani zinavyoweza kuitumia. Ila kiwanda hakikuiacha nguvu hiyo kwa kusahau. Kilitakiwa kuuza gari linalowaka asubuhi ya baridi bila kusumbua, linalopita kipimo cha moshi na linalodumu kwa miaka bila springi kuchoka. Mwenye gari anayeona masharti hayo hayamhusu anaweza kuichukua akiba hiyo, mradi ajue kwamba aliyeitunza alikuwa na sababu. Na hoja yenyewe, ikitazamwa vizuri, inatetea kemshafti ya wastani. Haitetei ile kubwa inayopamba matangazo.

Pingamizi la pili ni kwamba teknolojia imeshamaliza mabishano haya, kwa kuwa injini nyingi za leo zina mfumo wa kubadilisha majira ya valvu. Historia ya mifumo hiyo kwa kweli inathibitisha kwamba mabishano yana msingi. Mwaka 1989 Honda ilitoa Integra yenye VTEC kwa soko la Japani: injini ya lita 1.6 iliyobeba nundu za aina mbili kwenye mhimili mmoja, fupi kwa mizunguko ya chini na ndefu kwa ya juu, na ikatoa nguvu za farasi 160 kwenye mizunguko 7,600. Nundu moja ingetosha, asingekuwepo wa kulipia ya pili. Mifumo mingi iliyofuata, kama VVT-i ya Toyota katika umbo lake la kawaida, huisogeza kemshafti mbele au nyuma bila kubadilisha kimo wala upana wa nundu. Husaidia sana, lakini ukiweka nundu pana kwenye injini hiyo, bado ni pana kwenye mizunguko 800. Tena, injini ambayo kiwanda kimeshaifanyia kazi hiyo huwa imebakiwa na akiba ndogo ya kuchukua.

Kisha ije hesabu ya kazi yenyewe. Nguvu inayohitajika kuifanya valvu iifuate nundu hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko: kutoka 6,000 hadi 6,500 ni nyongeza ya asilimia 17, na nundu yenye miteremko mikali huongeza zaidi. Springi zikishindwa, valvu huelea, na ikichelewa kurudi huweza kugongwa na pistoni. Kwa hiyo kemshafti hununuliwa pamoja na springi, mara nyingi na pushirodi mpya, na nafasi kati ya valvu na pistoni lazima ipimwe badala ya kukisiwa. Kompyuta ya injini nayo iliandikwa kwa kemshafti ya zamani. Isipopangwa upya, itakosea kiasi cha mafuta na wakati wa kuwasha. Gari la automatiki huenda likahitaji na kibadilisha toki kingine. Kuna pia sheria: nchini Marekani sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuvuruga mfumo wa kudhibiti moshi, na California hudai kipuri cha aina hii kiwe na idhini ya bodi yake ya hewa.

Atabaki anayesema kwamba gari la michezo halinunuliwi kwa wastani. Hununuliwa kwa zile sekunde chache za kukanyaga mafuta hadi chini, na kwa mlio. Hilo ni pendeleo, na pendeleo halipingwi kwa grafu. Linaweza tu kuwekewa bei: sekunde hizo hulipiwa kwa saa nyingi za uendeshaji wa kawaida zilizoharibika, na mlio unaosifiwa ni wa injini inayochoma mafuta yake vibaya. Mtu akijua hivyo na bado akataka, anajua alinunualo.

Kwa asiye na uhakika, kipimo ni rahisi. Magari ya Marekani tangu mwaka 1996 yana tundu la uchunguzi, na kifaa cha bei ndogo huweza kurekodi mizunguko ya injini kwa wiki mbili za matumizi ya kawaida. Rekodi ikionyesha kwamba injini huishi juu ya 4,000, kama ilivyo kwa gari la uwanjani, kemshafti ni fedha iliyotumika vizuri. Ikionyesha 1,500 hadi 3,000, fedha hizo zitafanya kazi zaidi kwenye matairi, breki na shokabsoba. Na kwa aliye katikati, kemshafti ichaguliwe kwa kuuliza mizunguko ya chini kabisa ambayo gari lazima livute bila kulalamika. Nguvu za kilele zisomwe baada ya swali hilo kujibiwa.