Maziwa ya Moto kwa Wote

Kazini mtu hapimwi kwa nguvu za mikono peke yake. Askari aweza kuwa hodari wa kulenga, na bado akawavunja moyo wenzake wa lindo kwa hasira na manung'uniko. Kuutawala moyo wako na kuusoma wa mwenzako ni ujuzi, nao hujifunzwa. Mfano wake na tuuchukue mbali, katika bahari ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia.

Mwaka 1915 merikebu ya Endurance, ya Sir Ernest Shackleton, ilinaswa na barafu ikavunjika, na tarehe 21 Novemba ikazama. Watu 28 wakabaki juu ya barafu. Walikuwa wamekwenda kwa nia ya kulivuka bara la Antaktika. Nia hiyo Shackleton aliiacha, akashika nyingine: kuwarudisha watu wake wakiwa hai. Aliamuru mizigo ipunguzwe, naye akatangulia kutupa sarafu zake za dhahabu. Lakini banjo ya mmoja wao aliagiza ichukuliwe, kwani aliihesabu kuwa dawa ya mawazo. Wale waliokuwa wepesi wa kunung'unika aliwalaza katika hema lake mwenyewe.

Aprili 1916 walifika kisiwa cha Elephant, na kutoka huko yeye na wenzake watano wakaenda kwa mashua kutafuta msaada South Georgia, zaidi ya kilomita 1,200. Nahodha Frank Worsley, aliyekuwamo, alisimulia kwamba kila Shackleton alipoona mtu mmoja anazidiwa na baridi, aliamuru maziwa ya moto kwa wote. Mwenyewe hakuambiwa kwamba yameletwa kwa ajili yake. Akina mama wanalijua hili kuliko maofisa wengi: mtoto mmoja akirudi amenyong'onyea, uji hupikiwa wote, wala haulizwi mbele ya ndugu zake.

Katika mashua hiyo alikuwamo pia seremala McNish, ambaye kule barafuni aliwahi kukataa amri. Shackleton hakumwacha nyuma. Mikono ya seremala huyo ndiyo iliyoitengeneza mashua ikaweza kustahimili mawimbi. Hata hivyo, baada ya safari alimnyima nishani waliyopewa wengi wa wenzake. Kwa maoni yetu, hapo kinyongo kilimshinda mkubwa huyu.

Watu 22 waliobaki kisiwani, chini ya uongozi wa Frank Wild, waliishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa kwa miezi minne na zaidi, wakila nyama ya sili na pengwini. Wild hakuwahutubia juu ya matumaini. Kila asubuhi aliwaambia wafunge mizigo yao, maana huenda mkubwa akaja leo. Shackleton alijaribu mara tatu kuwafikia, barafu ikamrudisha. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, alitokea na meli ya Chile iitwayo Yelcho, akawakuta wote 22 wakiwa hai.