Ni Pikipiki Inayokatazwa, au ni Mwenye Kuipanda?

Katika miji mingi ya Marekani, mlangoni pa baa na mikahawa, hutundikwa kibao chenye maneno mawili ambayo, tukiyatia katika lugha yetu, yasema: "Hapana Rangi." Mwananchi wa huku akikisoma, hasa yule ambaye babu yake alimsimulia habari za mahoteli ya wakoloni, atadhani kwamba amekutana tena na ubaguzi ule wa zamani. Sivyo. Katika msemo wa wapanda pikipiki wa nchi ile, "rangi" ni nembo ya chama chao iliyoshonwa mgongoni mwa kizibao: jina la chama juu, picha katikati, na jina la mahali chini. Kibao chamwambia mpanda pikipiki: vua kizibao chako ndipo uingie, la sivyo nenda ukanywe kwingine.

Je, mwenye duka anayo haki ya kuwafungia mlango watu wanaomjia kundi zima pamoja na ngurumo zao? Twajibu kwamba yategemea anaufunga kwa sababu gani hasa; na sababu iliyo mdomoni mara nyingi siyo iliyo moyoni.

Yafaa kwanza tumtendee haki mwenye duka, maana hofu yake haikuzuka hewani. Mwezi wa Julai 1947 maelfu ya wapanda pikipiki walifurika katika mji mdogo wa Hollister, jimbo la California, kwa ajili ya mashindano. Wakalewa, wakavunja chupa njiani, na wengine wakatiwa ndani. Gazeti la Life likatoa picha ya mtu mmoja mlevi juu ya pikipiki yake, chupa tupu zimetapakaa chini. Wengi wanaamini kuwa picha hiyo ilipangwa. Mwaka 1953 ikatoka sinema iliyojengwa juu ya kisa hicho, na tangu hapo kila mwenye baa aliyesikia ngurumo mbali alijiona yumo katika sinema ile. (Watu wa Hollister wenyewe hawakuwa na kinyongo kikubwa. Mwaka 1997 mji uliwakaribisha wapanda pikipiki waje kuadhimisha miaka 50 ya fujo zao!)

Walakini yapo mambo ambayo hayakuwa sinema. Mwezi wa Aprili 2002, katika nyumba ya kamari huko Laughlin, jimbo la Nevada, vyama viwili vyenye uhasama vilipigana kwa visu na bastola, na watu 3 wakafa. Tarehe 17 Mei 2015, kwenye mkahawa mmoja wa Waco, jimbo la Texas, watu 9 waliuawa. Polisi walikamata watu 177. Na kufikia mwaka 2019 mashtaka yote yalikuwa yamefutwa, hakutiwa hatiani hata mmoja. Mwenye mkahawa aliyesoma habari kama hizo, akaona nembo za vyama viwili vyenye uhasama zimekaa meza mbili zinazotazamana, hatuwezi kumlaumu akiomba vizibao vibaki nje.

Mahakama nazo zimemwunga mkono. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ya California iliamua kuwa baa iliyowakatalia watu wa chama cha Hessians mpaka wavue nembo zao haikuvunja sheria ya jimbo ya kukataza ubaguzi. Mwaka 2000 watu wa chama kingine walitolewa katika tamasha la vitunguu saumu huko Gilroy kwa sababu ya vizibao. Wakashtaki, na mwaka 2008 wakashindwa, kwa kuwa waandaaji wa tamasha walikuwa watu binafsi wala si serikali. Jimbo la Minnesota halikufuata njia hiyo: sheria yake yakataza mahali pa kuhudumia watu kumfungia mtu mlango kwa kuwa tu amekuja na pikipiki au amevaa nguo yenye jina la chama, ila akiwa ni mtu wa hatari au nembo yake ni ya genge la wahalifu.

Sababu ya tofauti hizo ni kwamba sheria kuu ya nchi nzima haikutaja pikipiki. Sheria ya Haki za Raia ya tarehe 2 Julai 1964 yakataza mahoteli, mikahawa, majumba ya sinema na vituo vya petroli kumbagua mtu kwa asili yake, rangi ya mwili wake, dini yake, au taifa alikotoka. Mwaka huo huo mwenye hoteli moja ya vyumba 216 mjini Atlanta alikwenda mahakamani akidai kuwa hoteli ni mali yake na atampokea amtakaye. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwezi wa Desemba. Kizibao hakimo katika orodha ile ya mambo manne, na huenda hilo ni sawa, maana kizibao huvuliwa na kutundikwa. Ngozi je?

Hapo ndipo tunapofika pwani ya South Carolina, na twaomba msomaji avumilie, kwa kuwa kisa hiki kinahitaji kuelezwa tangu mizizi yake.

Katika zama za ubaguzi mtu mweusi hakuruhusiwa kuoga baharini katika fukwe za wazungu za jimbo hilo. Mwaka 1934 mfanyabiashara mweusi, George Tyson, alinunua ardhi ufukweni, na kutoka hapo ukaota mji mdogo wa Atlantic Beach, ambao watu waliupa jina la Lulu Nyeusi. Wapishi, madobi na watumishi waliofanya kazi katika mahoteli ambayo wao wenyewe hawakuweza kulala, walipata pahali pa kupumzika. Mwaka 1980 mji huo ulianza kuwakaribisha wapanda pikipiki weusi kila mwisho wa Mei, wakati wa sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mkutano ukakua hata mitaa michache ya Atlantic Beach isiutoshe, na wageni wakamwagikia mji mkubwa wa jirani, Myrtle Beach, penye mahoteli na mikahawa mingi.

Sasa zingatia jambo hili. Myrtle Beach ulikuwa na mkutano wake wa pikipiki tangu mwaka 1940, katikati ya mwezi ule ule wa Mei, na wengi wa wahudhuriaji wake ni wazungu. Basi mji mmoja, mwezi mmoja, ulipokea makundi mawili ya wapanda pikipiki. Wote walipiga ngurumo, wote walikunywa bia, wote walijaza barabara ya ufukweni. Mtu hangeweza kupanga jaribio bora zaidi la kupima moyo wa wafanyabiashara hata kama angelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mwaka 2003 chama cha kutetea haki za Waamerika weusi, NAACP, kilichoundwa mwaka 1909, kilifungua kesi juu ya mji na wafanyabiashara kadhaa. Madai yalikuwa kwamba wapo wenye mikahawa waliofungua milango kwa wazungu, na wiki ile ya weusi wakaifunga, ati kwa matengenezo au kwa mapumziko. Ajabu ya matengenezo yanayoangukia siku zenye wateja wengi kuliko zote! Hoteli moja ilidaiwa kuwataka wageni wa wiki hiyo walipe chote kabla ya kufika, waonyeshe vitambulisho vyenye picha, na watie sahihi mkataba wa masharti 34. Hoteli hiyo ilikubali kusuluhisha kwa dola milioni 1.2. Mji nao ulidaiwa kuigeuza barabara ya ufukweni kuwa ya kwenda upande mmoja tu wakati wa weusi, hali wakati wa wazungu magari yalipita pande zote mbili kama kawaida. Mwaka 2006 mji ulikubali kwamba taratibu za barabara zitakuwa sawa kwa mikutano yote miwili.

Wenye mikahawa walijitetea kwa wingi wa watu na kelele, na kwa hofu ya wafanyakazi wao. Hoja ya wingi na kelele ingekuwa nzito kama milango ingefungwa mara mbili kila Mei. Ama wafanyakazi, wacha tuwatazame vizuri, kwa sababu jina lao hutajwa na tajiri kila anapotafuta kisingizio. Mtumishi wa meza katika jimbo lile aweza kulipwa na tajiri wake dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Sehemu kubwa ya chakula cha watoto wake ni bakshishi ya wateja. Tajiri akifunga mlango siku za msongamano hupoteza faida ya siku tatu anayoweza kuifidia kwa miezi ya kiangazi. Mtumishi hupoteza kodi ya nyumba. Hatujaona mahali ambapo aliulizwa kwanza.

Baadaye Myrtle Beach ulijaribu njia nyingine, ambayo angalau ilikuwa na usawa wa aina yake: mwaka 2008 baraza la mji lilipitisha kanuni za kuwafukuza wapanda pikipiki wote, weupe kwa weusi. Mojawapo ilimlazimisha kila mpandaji kuvaa kofia ngumu, ingawa sheria ya jimbo humwachia hiari mtu aliyetimiza miaka 21. Mara hii wafanyabiashara ndio waliolia, kwani wateja wa rangi yao nao walikuwa wakiondoka; na mwaka 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta kanuni ya kofia.

Mwezi wa Mei 2014 watu 3 walipigwa risasi wakafa katika barabara ile ya ufukweni, siku za sikukuu. Msiba huo ulikuwa wa kweli, na serikali yo yote ingepaswa kuchukua hatua. Hatua iliyochukuliwa tangu mwaka 2015 ni kuyalazimisha magari ya usiku kuzunguka njia moja ya kilomita 37 hivi. Kundi la katikati ya Mei halikuzungushwa hivyo. NAACP ikarudi mahakamani mwaka 2018.

Hukumu ilitoka Desemba 2020. Raia walioteuliwa kukata shauri waliulizwa kama rangi ya wageni ilikuwa miongoni mwa sababu za mji kuweka taratibu hizo. Wakajibu: ndiyo. Wakaulizwa kama mji ungaliziweka taratibu zile zile hata kama rangi isingalifikiriwa. Wakajibu tena: ndiyo. Kwa jibu hilo la pili mji ulishinda kesi. Lile la kwanza limebaki katika vitabu vya mahakama.