Baridi yabisi ya rumatoidi: gharama kubwa iko nje ya viungo

Mwaka 2020, watu wanaokadiriwa kufika milioni 17.6 duniani walikuwa wakiishi na baridi yabisi ya rumatoidi, wengi wao wanawake. Ifikapo 2050 wanatarajiwa kuwa milioni 31.7, yaani ongezeko la asilimia 80 ndani ya miaka 30. Mgonjwa akifika kliniki, daktari huhesabu viungo vilivyovimba na vinavyouma, kisha huandika dawa. Ni kazi ya lazima, lakini ikiishia hapo inaacha nje magonjwa yanayofupisha maisha ya wagonjwa hawa, na la kwanza kati ya hayo ni ugonjwa wa moyo.

Moyo: zidisha kwa 1.5

Katika baridi yabisi ya rumatoidi, kinga ya mwili hushambulia viungo na kuachia ndani ya damu kemikali ambazo, kwa miaka, huharibu kuta za mishipa. Ndiyo maana EULAR, muungano wa wataalamu wa magonjwa ya viungo barani Ulaya, unaelekeza hivi: ukikadiria hatari ya moyo kwa kikokotoo kisichoihesabu baridi yabisi, zidisha jibu kwa 1.5. Katika kundi la watu 100 ambapo 8 wangetarajiwa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10, sasa tunatarajia 12.

Yanayoonekana yakitafutwa

Utafiti wa COMORA, uliochapishwa 2014, ulichunguza wagonjwa 3,920 katika nchi 17. Walipopimwa kwa utaratibu mmoja, asilimia 11.2 walikutwa na presha iliyopanda, asilimia 8.3 na mafuta mengi katika damu, na asilimia 3.3 na sukari ya juu. Hawa walikuwa tayari mikononi mwa wataalamu.

Sonona nayo hujificha. Uchambuzi wa 2013 uliounganisha tafiti 72 zenye wagonjwa 13,189 ulikuta asilimia 16.8 wana sonona kali, takriban mmoja kati ya kila sita. Aliyekata tamaa huona maumivu yakizidi, na kumeza dawa kwa mpangilio humshinda.

Pauni 1 hospitalini, pauni 3 kazini

Uingereza imeweka gharama hizi kwenye vitabu. Mwaka 2009, ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ilikadiria kuwa England ina wagonjwa watu wazima 580,000. Huduma ya afya ilitumia kwao pauni milioni 560 kwa mwaka, sawa na pauni 966 hivi kwa kila mmoja. Lakini uchumi ulipoteza pauni bilioni 1.8 kwa watu kukosa kwenda kazini au kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa kila pauni 1 ya matibabu, zaidi ya pauni 3 zilipotea nje ya hospitali. Anayebana matumizi kwenye vipimo anabana upande mdogo wa hesabu.

Dawa nazo zina gharama

Kwetu Afrika Mashariki, wengi hukimbilia diklofenaki ya duka la dawa. Hupunguza maumivu, lakini matumizi ya muda mrefu hupandisha presha na kuumiza figo. Figo zikidhoofika, methotreksati, dawa ya baridi yabisi inayomezwa mara moja tu kwa wiki, hujilimbikiza mwilini na kuwa sumu.

Steroidi kama prednisoloni hupunguza uimara wa mifupa, hupandisha sukari na hushusha kinga. Utafiti wa Uingereza wa 2006 ulionyesha kuwa waliotumia chini ya miligramu 15 kwa siku walikuwa na uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara 2.8 ya wasiotumia. Kwa miligramu 15 na zaidi, mara 7.7. Tanzania na Kenya zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili kwa mtumiaji wa steroidi ni cha kupimwa mara moja. Hata hivyo, dawa hizi hazikatizwi ghafla. Hupunguzwa na daktari.

Mara moja kwa mwaka

Mwongozo wa Uingereza wa 2018 unataka kila mgonjwa akaguliwe kila mwaka: presha, moyo, mifupa na sonona. Tukiongeza sukari, mafuta, figo, kifua kikuu na swali la sigara, orodha inatutosha. Mashine ya presha na kipimo cha sukari vipo katika vituo vingi vya afya, na maswali ya sonona hayahitaji maabara. Kinachokosekana ni mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Kila kliniki ya viungo imtaje muuguzi au tabibu mmoja, na tarehe ya ukaguzi iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa. Wewe mgonjwa, ukiona hakuna tarehe, iulizie kabla hujatoka kliniki.