Kwa Nini Paka wa Rangi Tatu ni Jike

Mtu akimwona paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa juu ya manyoya meupe, aweza kusema kuwa ni jike kabla hajamshika, na ni nadra sana kukosea. Kwani rangi ya chungwa imefungamana na jinsia. Jike ana kromosomu mbili za X, moja ya mamaye na moja ya babaye, ilhali dume ana X moja tu, aliyopewa na mamaye, pamoja na Y. Na jeni ya uchungwa makao yake ni X. Baba wa chungwa, hata awe na fahari gani mtaani, hana rangi hiyo ya kumrithisha mwanawe wa kiume.

Ama jike aliyerithi X mbili zinazohitilafiana, rangi zake hazichanganyiki. Mwaka 1961 Mary Lyon, mtaalamu Mwingereza aliyekuwa akichunguza panya, alieleza kwamba jike angali tumboni, kila seli huilaza X moja pasipo kuchagua, na seli zote zitokanazo nayo huifuata hukumu hiyo. Basi palipolala X ya chungwa huota manyoya meusi, na palipolala ile nyingine huota ya chungwa. Weupe ni kazi ya jeni nyingine, izuiayo seli za rangi zisienee mwilini mote. Dume wa rangi tatu, akitokea, aghalabu huwa na XXY, naye kwa kawaida ni tasa.

Jeni yenyewe ilijificha muda mrefu, hata mwaka 2025 wataalamu wa Japani na wa Marekani walipotangaza kwamba paka wa chungwa amepungukiwa na kipande cha DNA katika eneo la jeni iitwayo ARHGAP36: ajabu ni kwamba rangi hii yote imeletwa na upungufu.

Lakini kisa kinipendezacho zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Texas A&M, alikozaliwa, tarehe 22 Desemba 2001, paka wa kwanza wa kunakiliwa, aitwaye CC, kutokana na seli ya Rainbow, paka wa rangi tatu. Waliotaraji Rainbow wa pili walipata paka wa milia ya kahawia na weupe, asiye na unywele mmoja wa chungwa, kwa kuwa seli iliyochukuliwa ilikuwa imekwisha kuilaza X ya chungwa, nayo haikuamka tena. Walakini katika mayai ya jike X iliyolala huzinduka. Kwa hiyo CC, aliyezaa mwaka 2006 kwa njia ya kawaida, alikuwa na uwezo wa kumpa mwanawe rangi ambayo yeye mwenyewe hakuivaa asilani.