Kundi Kabla ya Njia: Mahujaji wa Malaba na Safari Inayoanzia Simuni

Safari ya pamoja huanza kabla ya hatua ya kwanza, pale wanaokusudia kusafiri wanapojulishana, wanapohesabiana na kukubaliana nani atabeba jukumu gani njia itakapokuwa ngumu. Zamani kazi hiyo ilifanyika kanisani baada ya misa, au katika vikao vya jumuiya ndogondogo, na msafiri aliyetoka mbali aliwakuta wenzake barabarani bila kuwajua kwa jina wala kwa sura. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye simu janja, na mahali pazuri pa kuitazama ni Malaba, mji wa mpakani uliogawanywa na mto wenye jina hilohilo, upande mmoja ukiwa katika Kaunti ya Busia nchini Kenya na upande wa pili katika Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Kila mwaka, wiki za mwisho za Mei, makundi ya mahujaji wa kutoka Kenya huvuka hapa Malaba, na pia katika mji wa mpakani wa Busia, wakielekea Namugongo, na wengi wao husafiri kwa miguu.

Namugongo, karibu na jiji la Kampala, ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, katika enzi ya Kabaka Mwanga II, kwa kukataa kuiacha imani yao. Kanisa Katoliki huwakumbuka mashahidi 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwezi Oktoba 1964, na Kanisa la Anglikana huwakumbuka wa kwake 23, ndiyo maana Namugongo ina maeneo mawili ya hija yasiyo mbali moja na jingine. Kutoka Malaba njia hupita Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono, umbali unaozidi kilomita 200, na kwa mtu anayetembea kilomita 30 kwa siku ni takriban juma zima la jua, mvua na malori yanayopita karibu na bega. Hakuna mtu mwenye busara anayeianza njia hiyo peke yake.

Hapo ndipo kundi la WhatsApp linapoingia, yaani ukumbi wa mawasiliano ambamo ujumbe wa mmoja huwafikia wote kwa mara moja, na ambamo msimamizi, anayejulikana mitaani kwa jina la admini, ndiye anayeingiza na kutoa watu. Uwezo wa kundi kama hilo umekua kwa hatua: mwaka 2016 lilipandishwa hadi watu 256, na mwaka 2022 likapandishwa mara mbili, kwanza hadi 512 na kisha hadi 1,024. Kwa jimbo lenye mahujaji mia kadhaa, ongezeko hilo si jambo dogo, kwa sababu msafara uliolazimika kugawanywa katika makundi mawili au matatu ulipaswa pia kurudia kila tangazo mara mbili au tatu, na tangazo linalorudiwa na watu tofauti hubadilika njiani.

Kundi zuri la hija halianzishwi kwa kiungo kinachotupwa kila mahali ili yeyote abonyeze na kuingia. Huanza na orodha ya kigango au parokia, ambapo katekista au mwenyekiti wa jumuiya anamfahamu kila jina, kisha majina hayo huunganishwa katika kundi la jimbo. Utaratibu huu una faida kubwa kuliko unavyoonekana, maana kila mwanachama anaingia akiwa ameshadhaminiwa na mtu anayejulikana, na hivyo watu wa Kitale, Bungoma na Kakamega wasiowahi kuonana wanakuwa wamefungwa na wajibu kabla ya kukutana. Mama mwenye kisukari huweza kumweleza kiongozi wa afya mapema kwamba anahitaji kula kwa wakati, kijana mwenye nguvu hujitolea kutembea nyuma na wanaochelewa, na wazee hupangiwa gari la kuwasogeza pale miguu itakapokataa. Maneno hayo yakisubiri hadi siku ya safari, mara nyingi hayasemwi kabisa, kwa sababu mtu huona haya kueleza udhaifu wake mbele ya wageni walio tayari kuondoka.

Jambo linalochukua nafasi kubwa katika mazungumzo ya kabla ya safari ni hati za kuvukia. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, lakini mpango huo haukuijumuisha Tanzania, kwa hiyo hujaji Mtanzania anayejiunga na wenzake wa Kenya lazima awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Watoto wasiofikia umri wa kupata kitambulisho nao huhitaji hati nyingine pamoja na idhini ya wazazi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano huweza kudaiwa mpakani. Malaba, kama Busia ambako kituo kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, ina kituo cha pamoja cha mpakani, maana yake msafiri anayetoka Kenya huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja upande wa Uganda, badala ya kupanga foleni mara mbili. Urahisi huo humfaa mwenye hati kamili. Asiyekuwa nazo hubaki nyuma wakati wenzake wanaendelea, na msafara wa miguu hauwezi kusimama siku nzima kumngoja mtu mmoja, kwa kuwa mahali pa kulala Tororo na chakula cha jioni vimeshaandaliwa.

Mpaka ndio unaolipima kundi. Kabla ya Malaba, watu wote wako katika nchi moja, wanatumia fedha moja na mtandao mmoja wa simu, na hata mtu akipotea anajua pa kuuliza. Baada ya mto, shilingi ya Kenya lazima ibadilishwe kuwa ya Uganda, lugha za barabarani zinageuka kadiri mtu anavyouacha Uteso na Upadhola na kuingia Busoga, kisha Buganda, na kiungo chenyewe cha kundi, yaani simu, kinaanza kudhoofika. Kuhusu simu, serikali za ukanda huu zilifanya jambo la kusifiwa zilipoanzisha mpango wa mtandao mmoja kati ya Kenya, Rwanda, Sudani Kusini na Uganda kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014, ambao ulishusha sana gharama za kupiga simu na kuondoa malipo ya kupokea simu kwa aliye nje ya nchi yake. Hata hivyo, mpango huo ulilenga kwanza simu za sauti, ilhali kundi la WhatsApp huishi kwa intaneti. Hujaji aliyezoea bando la Kenya huweza kufika Bugiri akiwa hapati ujumbe wowote, na asijue kwamba saa ya kuondoka asubuhi imebadilishwa.

Viongozi wenye uzoefu hulishughulikia hilo wakiwa bado nyumbani. Huchagua watu wachache katika kila kikosi watakaokuwa na laini za Uganda, hutoa orodha ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na huwaagiza wote waandike vituo vya kulala na majina ya parokia zitakazowapokea, ili simu ikizimika mtu bado ajue anakoelekea. Historia ya karibuni inaonyesha kwamba tahadhari hiyo si ya bure. Kuanzia Julai 2018 hadi katikati ya mwaka 2021 Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa, na Facebook ikaendelea kufungwa baada ya hapo. Msafara uliopanga mambo yake yote kwenye ukurasa wa Facebook ungevuka mto na kujikuta bila ukumbi wa kukutania.

Fedha zinahitaji uangalifu wa namna yake. Mchango wa chakula, dawa na gari la mizigo hukusanywa kwa M-Pesa miezi kadhaa kabla, na palipo na fedha pamoja na watu wasiojuana kwa sura, walaghai hupata mwanya. Hila iliyoenea ni ya kuteka akaunti: mlaghai humwandikia mwanachama akijifanya rafiki, akimwomba amtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, na tarakimu hizo ndizo ufunguo wa kuihamishia akaunti kwenye simu nyingine. Akishaingia, huandika kundini kwa jina na picha ya mwenye akaunti kwamba namba ya kupokea michango imebadilika. Kinga yake ni rahisi mno hivi kwamba inasikitisha kuona inavyopuuzwa: michango ipokelewe kwa namba moja ya parokia iliyotangazwa kanisani, na badiliko lolote lithibitishwe kwa sauti, kwa kumpigia mtunza hazina. Kubadilisha fedha nako kunafaa kuamuliwa kabla, kwa kumteua mtu mmoja atakayefanya hivyo kwa niaba ya kikosi kwenye duka lenye leseni, kwa sababu hujaji mchovu anayesimama peke yake mpakani na noti mkononi huwavutia madalali wote wa eneo hilo.

Lipo pia suala la siri za watu, ambalo halijapata uzito linaostahili. Ni desturi ya makundi mengi kuwataka wanachama watume picha ya kitambulisho kundini ili orodha ya mpakani iandaliwe, na kwa kufanya hivyo jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha kila mmoja hubaki kwenye simu mia tano, pamoja na namba yake ya simu inayoonekana na wote. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na maana ya msingi ya sheria hizo ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, kwa kiasi kinachohitajika, na zitunzwe salama. Katibu anayepokea nakala hizo kwa faragha na kuzifuta baada ya safari anatimiza kusudi lilelile bila kumweka mtu yeyote hatarini. Hali ya afya ya mtu nayo haifai kujadiliwa mbele ya kundi zima, hata kama nia ni kumwombea.

Mahujaji si wa kwanza Malaba kusafiri kwa namna hii. Madereva wa malori ya masafa marefu, wanaobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo, hutegemea makundi ya simu kujua foleni imefika wapi kabla ya kulifikia tela la mwisho. Mwaka 2020, upimaji wa virusi vya korona ulipofanya malori yapange mstari wa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na tena Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada za vipimo na petroli ikaadimika Uganda, taarifa ya mwenzako aliyetangulia ndiyo iliyoamua dereva anunue maji na unga kiasi gani, na asubiri Eldoret au aendelee. Tofauti yao na mahujaji ni kwamba dereva hahitaji kumpenda mwenzake wala kufika naye. Anahitaji habari ya kweli kwa wakati. Kundi la hija hubeba mzigo mzito zaidi, kwa sababu linaahidi kwamba hakuna atakayeachwa.

Desturi ya kujuana kwa simu kabla ya safari inapatikana hata kwa watalii wa meli kubwa za starehe, baadhi yake zikiwa zinatia nanga Mombasa na Zanzibar, ambapo waliokata tiketi za safari moja hutafutana mtandaoni miezi kadhaa kabla ili wakodi gari pamoja bandarini au wapange mahali pa kukutana siku ya kwanza melini. Lakini kwao kampuni ya meli imeshatoa chakula, kitanda na daktari, na kujuana huongeza raha tu. Kwa anayetembea kutoka Malaba, kujuana ndiko chakula, kitanda na daktari wenyewe.

Miaka ya 2020 na 2021, ibada ya Namugongo ilipofanyika bila umati wake wa kawaida kwa sababu ya janga la korona, waumini waliifuata kwa redio, televisheni na simu wakiwa majumbani, na safari za miguu zikarejea mwaka 2022. Tangu hapo swali linalowakabili viongozi ni kundi lifanyiwe nini baada ya tarehe 3 Juni. Wengi wa mahujaji hurudi kwa basi au gari la kukodi, na kwa kuwa kila mmoja ana haraka ya kufika nyumbani, wakati huu wa kurudi ndipo watu wanapopotea kirahisi kuliko wakati wa kwenda. Kwa sababu hiyo orodha ileile iliyotumika kuvukia inapaswa kusomwa tena Malaba, jina kwa jina, upande wa Kenya, na hesabu ya michango kuwekwa wazi kundini ndani ya siku chache. Kundi lililokwisha kutoa hesabu yake linaweza kufungwa, au kubaki na katibu na mtunza hazina pekee kama waandikaji, wakisubiri uandikishaji wa mwaka unaofuata.