Kitovu Kimezikwa Wapi?

Mwaka wangu wa pili hapa Basel nilikuwa silali. Nilikuwa nimejifungua miezi saba nyuma, mume yuko kazini zamu za usiku, na saa tisa za usiku moyo ulikuwa unanidunda kama mtu anayetwanga. Miguu ilikuwa baridi hata ndani ya soksi mbili. Jirani akanipeleka kwenye darasa la yoga. Mwalimu, mama mmoja mpole, aliniwekea kiganja chini kabisa ya mgongo, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia chakra yangu ya mzizi imeyumba. Akanipa masharti: nivae nyekundu, nile viazi na karoti, nikanyage nyasi pekupeku, na asubuhi nitamke silabi moja, LAM, kwa pumzi ndefu.

Niliyafuata yote. Nilikuwa nimechoka mno kubishana na mtu aliyenishika kwa upole. Lakini neno lile, mzizi, lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu mimi nimezaliwa Ifakara, Tanzania, na Ifakara mzizi ni kitu kinachochimbwa kwa jembe.

Tuanze na asili yake. Chakra ni neno la Kisanskrit, maana yake gurudumu. Ile ya chini kabisa inaitwa Muladhara: mula ni mzizi, adhara ni tegemeo. Katika mafundisho ya Kitantra ya India inakaa kwenye msamba, pale mgongo unapoishia. Maandishi yanayotajwa zaidi ni ya Purnananda wa Bengal, ya mwaka 1577. Humo utakuta ua la petali nne, ndani yake mraba wa manjano ambao ndio ardhi, tembo aliyebeba ile silabi LAM, na chini kabisa Kundalini, nguvu iliyolala kama nyoka aliyejikunja. Niliposoma habari za tembo nilitabasamu. Tumekulia bonde ambalo tembo walikuwa wakivuka kati ya milima ya Udzungwa na mbuga za upande wa pili, na shamba la mpunga likikanyagwa usiku mmoja familia inalia msimu mzima. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini uzito wa ardhi uchorwe kwa umbo la tembo.

Ila angalia jambo hili. Katika maandishi yale hakuna anayeambiwa atulie kwenye mzizi ajisikie salama. Kazi ya yogi ni kumwamsha yule nyoka na kumpandisha hadi utosini. Mzizi ni mahali pa kuanzia safari. Habari za usalama, nyumba, chakula na hofu ya kukosa pesa zimeingia baadaye sana, tena kwa njia inayopita karibu na hapa ninapoishi. Mwaka 1919 John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta aliyeandika kwa jina la Arthur Avalon, alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya Purnananda. Mwaka 1932 Carl Jung, mtu aliyekulia na kusomea Basel hii hii, alitoa mihadhara kuhusu Kundalini huko Zürich, akaieleza Muladhara kuwa ni maisha yetu ya kila siku, pale tuliposhikiliwa na dunia. Rangi saba za upinde wa mvua, ambazo leo zimebandikwa kila mahali kana kwamba ni za kale, zilienea miaka ya 1970, hasa kupitia maandishi ya Christopher Hills. Kwa hiyo ule mpangilio wa rangi ulionivisha nyekundu una umri wa shangazi yangu mdogo.

Sisemi hivyo kuidharau. Watu wa karne ya 20 walikuwa na hofu zao, wakatafuta lugha ya kuzisemea, wakaazima ya India. Mimi nataka tu ujue umepewa nini mkononi, kwa sababu wengi wetu tulio huku tunalipa pesa nyingi kufundishwa kukanyaga ardhi, na ardhi tumeikanyaga tangu tukiwa watoto.

Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa. Bibi huchemsha maji, huchovya kitambaa, hukamua, na kukandamiza tumbo, kiuno na nyonga, asubuhi na jioni, kisha hufunga tumbo kwa kanga na kukukalisha juu ya mkeka, miguu imenyooka. Utakula uji wa moto, utakula samaki wa mchuzi, na mpaka arobaini iishe hutashika jembe. Baada ya uzazi wangu wa kwanza, niliofanya nyumbani, nakumbuka uzito wa viganja vya bibi pale pale ambapo mwalimu wa yoga aliniwekea mkono wake miaka kadhaa baadaye. Tofauti ni kwamba bibi hakusema lolote kuhusu mimi. Alikuwa anasimulia habari za mpunga, nani kavuna magunia mangapi, mvua imekata mapema, na mikono inaendelea. (Maji yasiwe ya kuunguza. Wapo wanaobabuka ngozi kwa kuamini kwamba moto zaidi ndiyo dawa zaidi.) Uzazi wa pili nilijikanda mwenyewe bafuni, mtoto akilia mlangoni.

Na mizizi yenyewe? Mwaka 1964 Mswisi Fritz Haerdi alichapisha hapa Uswisi, kwa Kijerumani, kitabu kizima cha mimea ya tiba ya wilaya ya Ulanga, wakati Ifakara ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya maabara ambayo Rudolf Geigy wa Basel aliifungua Ifakara katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Nimeketi na kitabu hicho, kamusi pembeni, kurasa karibu 280, nikafurahi kuona kuna mtu aliyejali kuandika. Kilichobaki nje ya vitabu vya mimea ni maswali. Mganga niliyemjua utotoni, kabla hajachukua jembe, aliuliza: kwenu nani hamsemeshani? Makaburi yamefagiliwa lini? Kisha alichimba upande mmoja tu wa mti, akakata kipande, akafukia ili mti usife. Jibu lake mara nyingine lilikuwa kikombe cha dawa chungu, na mara nyingine lilikuwa tambiko: unga, pombe, majina ya waliotangulia yakitajwa kwa sauti na ndugu wote wamehudhuria, hata wale waliogombana.

Hapo ndipo ninapoona kina ambacho darasa la yoga halikunipa. Mganga hakunitazama mimi peke yangu.

Lakini sitawapaka mafuta wazee wetu. Jicho lile lile linaloangalia uhusiano wa watu linaweza kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Mtafiti Maia Green ameandika kwa kirefu jinsi watu wa Ulanga na Kilombero walivyopelekwa kijijini Ihowanja, kwa mganga Bibi Kalembwana, kunyolewa nywele ili kuondolewa uchawi, mara nyingi mtuhumiwa na aliyemtuhumu wakienda pamoja. Waliosifia walisema ugomvi uliishia pale. Mimi nawaza kuhusu bibi kizee anayerudi kijijini na kichwa kitupu, kila mtu anajua alikotoka. Kama utulivu wa ukoo unalipiwa kwa aibu ya mtu mmoja mnyonge, siutaki.

Kuna na jambo la kifafa. Mlimani Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikuta wagonjwa wa kifafa wametengwa, wengine wana makovu ya kuangukia motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wakati wa kuanguka. Alianzisha kliniki yao, na vidonge vya kila siku viliwarudisha wengi shambani na kwenye familia zao. Degedege la mtoto mwenye homa nalo, kwetu, kwa muda mrefu limehesabiwa kuwa kazi ya shetani au ndege wa usiku, wakati mara nyingi ni malaria kali, na kila saa inayopotea ina thamani ya uhai. Mtoto akikakamaa, hospitali kwanza. Fagio la makaburi litasubiri.

Nami nililijifunza hilo kwa mwili wangu. Wiki ya sita ya kutamka LAM, nilipanda ngazi nikaona giza. Daktari akapima damu: upungufu mkubwa, tangu uzazi. Miguu baridi, moyo wa saa tisa, vyote vilikuwa na maelezo. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya miezi miwili nilikuwa napanda ngazi zile zile na mtoto mgongoni. Ukiwa na dalili kama zangu, kapime kwanza, halafu uje tuzungumze chakra.

Yoga sijaiacha. Pumzi ndefu inanisaidia kulala, na kukanyaga nyasi kunanikumbusha tope la mbuga wakati wa kupandikiza mpunga, lile tope jeusi linalokung'ang'ania kisigino hadi uvute. Ila sasa naifanyia juu ya mkeka wa ukindu alionisukia shangazi, na jioni ya Jumapili simu iko wazi na nyumbani, hata kama hatuna la kusema.

Kulikuwa na kitu kimoja kimebaki. Kitovu cha mwanangu wa pili kilipodondoka hapa Basel, nilikikausha nikakifunga kwenye leso, nikakiweka kwenye kabati la vyombo. Sikujua nikizike wapi. Chini ya ghorofa nne kuna maegesho ya magari. Kilikaa mle miaka mitatu. Desemba tulipokwenda nyumbani, tulishuka Mikumi, tukapita Kidatu na Mang'ula, vumbi na mvua vikipokezana, tukafika Ifakara wakati wa magharibi. Kesho yake alfajiri shangazi alinichukua nyuma ya nyumba, chini ya mwembe kilipo changu na cha mama yangu. Alichimba kwa jembe la mkono, kina cha kiwiko. Mtoto alikuwa amechuchumaa, viatu vimevuliwa, anaangalia sisimizi.

"Mama, jina lake la nyumbani mmempa lipi?" shangazi aliuliza, jembe limesimama hewani.

Hatukuwa tumempa. Akaniambia basi tukae kwanza, akatuma mtu akamwite babu.